Simu moja, familia nzima: Kampuni zifanye nini kurudisha imani ya wateja Ngonga?

Kyela. Meseji inaingia: "Ile hela itume kwenye namba hii." Kwenye nyumba nyingi za Kata ya Ngonga wilayani Kyela, meseji kama hiyo haisomwi na mtu mmoja. Simu ni moja: mama anasubiri hela ya kakao, mtoto anachezea gemu, bibi anasomewa meseji na mjukuu. Akikosea mmoja, wameumia wote.

Hapo ndipo kampuni nyingi za simu, benki na mikopo zinapokosea. Zinamhesabu mteja kama mtu mmoja na laini yake, wakati mteja halisi ni familia.

Imani ilipotelea wapi?

Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA ulianza Mei 2019, lengo mojawapo likiwa kuwabana wahalifu. Laini zikasajiliwa, lakini meseji za matapeli bado zinaingia.

Ikaja mikopo ya mtandaoni. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitaja majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kilio kikubwa kilikuwa kudhalilishwa. Mkopaji anapakua aplikesheni na kuiruhusu isome majina yote kwenye simu yake. Akichelewa kulipa, meseji za deni zinakwenda kwa mama mkwe, mchungaji na bosi wake. Asiyekopa naye anaaibishwa.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Familia ikishaumia, haitofautishi tena kampuni yenye leseni na tapeli.

Kampuni zifanye nini?

1. Zipige kwa namba moja tu. Kampuni za simu zimekuwa zikiwaambia wateja kwamba huwapigia kwa namba 100 pekee. Wakopeshaji na wauzaji wa mtandaoni waige: namba moja, ibandikwe kwa kila wakala, isibadilike. Na mfanyakazi asiulize namba ya siri ya mteja, hata kwa nia njema.

2. Ziombe taarifa chache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka. Majina ya ndugu si dhamana ya mkopo. Kampuni ieleze kwa Kiswahili chepesi inachukua nini, na kwa nini.

3. Zimfikirie mtoto aliyeshika simu ya mzazi. Kabla ya kukata hela ya gemu au huduma ya kila siku, mfumo uulize namba ya siri. Kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga.

4. Ziweke mtu wa kumwona. Kijijini, sura ya kampuni ni wakala. Apewe mafunzo na uwezo wa kupokea malalamiko, ampe mteja namba ya kumbukumbu na siku ya kupata jibu. "Piga huduma kwa wateja" haimtoshi bibi asiyejua abonyeze wapi.

5. Zikubali kosa mapema. Mtandao ukikwama na hela ikakatwa mara mbili, kampuni itume meseji kabla mteja hajalalamika. Ukimya ndio unaoleta tetesi.

Familia nayo ianzie wapi?

Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, uangalie ni aplikesheni zipi zimeruhusiwa kusoma majina na meseji zako. Isiyohitaji, iondolee ruhusa. Fanyeni hivyo mkiwa wote: mtoto anajua simu, mzazi anajua thamani ya hela.

Lakini mzigo usiachwe kwa familia peke yake. Aliyetengeneza huduma ndiye mwenye uwezo wa kuziba mianya yake.

Na kampuni ikitaka kujua kama inaaminika, isihesabu waliopakua aplikesheni yake. Iangalie hela ya kakao ikishaingia kwenye simu. Je, mama anaiacha humo hata siku tatu, au anakimbilia kwa wakala kuitoa yote siku hiyohiyo?