Riwaya ya Mapenzi Mbele ya Waamuzi

Mtu aitiaye riwaya yake ya mapenzi katika mashindano hana budi kujua kwamba, licha ya ufasaha wa kalamu yake, atapimwa kwa sharti asilolitunga yeye. Na nchini Marekani, ambako fani hii ina wasomaji wengi na wachapishaji wake mahsusi, sharti hilo lilitamkwa bayana na chama cha Romance Writers of America, kilichoasisiwa Houston mwaka 1980 na jamaa ya waandishi pamoja na Vivian Stephens, mhariri mweusi aliyewafungulia wengi mlango. Walinena kwamba mapenzi yawe ndiyo kiini cha kisa, na tamati yake iuridhishe moyo na kuupa matumaini. Msomaji wetu, aliyezoea visa ambavyo mpenzi mmoja hufa kwa maradhi au hufarakishwa na wazee, ataona ajabu. Lakini huko mswada wa namna hiyo, hata ukiliza mawe, umekwenda kugonga nyumba isiyo yake.

Chama hicho kilikuwa na tunzo mbili mashuhuri: RITA, iliyokuwa ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, na Golden Heart, iliyokoma mwaka 2019, ambayo ilikuwa ya miswada ya wasiopata bado kuchapisha riwaya. Hii ya pili iliwavuta mno wanagenzi, kwa sababu duru ya mwisho ilisomwa na wahariri wa makampuni ya uchapishaji, na mhariri aliyependezwa aliweza kuitaka kazi nzima.

Aghalabu katika mashindano ya miswada mwamuzi haletewi riwaya yote, ila kurasa za mwanzo na muhtasari, tena bila ya jina la mwandishi. Chukua basi mswada uanzao kwa nasaba ya msichana, skuli aliyosoma na rangi ya mapazia ya kwao, hata mwamuzi afike ukurasa wa ishirini na mwanamume hajatokea. Kisha chukua mwingine ambao, katika ukurasa wa pili tu, msichana huyo, fundi wa saa, akataa kumpa mteja saa ya marehemu babake maadamu stakabadhi ina jina la mtu mwingine, na mteja naye akataa katakata kutoka dukani. Huu umekwisha kutupa watu wawili, kizuizi baina yao, na sababu ya kuonana tena kesho. Ama muhtasari, huo haufichi siri: mwisho husemwa wazi, na mwenye kuufunga kwa kuuliza "Je, watapatana?", kana kwamba anauza gazeti, hujipunguzia alama kwa mkono wake mwenyewe.

Waamuzi wa RITA walikuwa waandishi wenzao, na hapo ndipo insafu ilipotiliwa shaka. Tangu tunzo ilipochukua jina hilo mwaka 1990 hata 2018, hakuna mwandishi mweusi aliyeipata. Kennedy Ryan na M. Malone ndio waliotangulia, mwaka 2019. Mwisho wa mwaka huohuo chama kilimtia adhabuni mwandishi Courtney Milan kwa kuikosoa hadharani riwaya aliyoiona ya kibaguzi; fitina iliyozuka ikafuta mashindano ya 2020, na RITA ikarithiwa na tunzo iliyoitwa Vivian, kwa taadhima ya Stephens yuleyule. Mwaka 2024 chama kiliomba mahakamani hifadhi ya muflisi.

Kwa hiyo atakaye kushiriki leo, kabla ya kutoa ada, na aulize ni akina nani watakaosoma, na kama mswada utarudi na maoni. Kwani mimi naiona karatasi ya maoni kuwa na faida kuliko nishani, hasa pale waamuzi wawili wanapohitilafiana juu ya ukurasa mmoja. Uingereza, chama cha Romantic Novelists' Association, cha tangu 1960, kina mpango ambao mwanagenzi hulipa ada, hupeleka mswada wake, na mwandishi mzoefu humwandikia ripoti. Na riwaya yake ya kwanza iliyopitia humo, ikichapishwa, huweza kushindania tunzo ya Joan Hessayon.