Tangi dogo la samaki nyumbani lahitaji chujio la aina gani?

SAMAKI wanaofugwa katika tangi la kioo sebuleni mara nyingi hufa katika majuma ya mwanzo, wakati maji yao yangali yanang'aa kama ya chemchemi. Mwenye tangi hulaumu chakula, humlaumu muuzaji, kisha hununua samaki wengine, nao huishia vivyo hivyo. Mara nyingi chanzo ni chujio lililochaguliwa ili kuondoa takataka zinazoonekana, ilhali kazi yake kubwa ni kuondoa sumu isiyoonekana.

Kwa mji wa Morogoro, ulio chini ya Milima ya Uluguru, uchaguzi huo una uzito wa pekee. Maji ya mji hutokana na mito inayoteremka kutoka milimani pamoja na Bwawa la Mindu, lililojengwa katika Mto Ngerengere. Wakati wa masika mito hiyo hubeba udongo kutoka mitelemko inayolimwa. Maji ya bomba nayo hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na umeme unaoendesha chujio huweza kukatika wakati wowote. Tope, klorini na umeme ndiyo mambo matatu ambayo mfugaji anapaswa kuyapima kabla ya kufungua pochi yake.

Sumu iliyomo katika maji maangavu

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia zaidi. Mtoni sumu hiyo huchukuliwa na maji mengi yanayopita. Tangini haina pa kwenda. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30 hubeba lita 54 tu likijaa pomoni, na kiasi hicho hupungua mara changarawe na mawe yanapowekwa. Ndiyo maana tangi dogo huchafuka upesi kuliko kubwa, kinyume cha wanavyodhani wanaoanza.

Viumbe wanaoondoa amonia ni bakteria. Mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Nitrati haina ukali huo, na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila juma.

Bakteria hao hujishikiza katika changarawe, kuta za tangi na hasa ndani ya chujio, na huhitaji oksijeni muda wote. Huongezeka polepole: tangi jipya huchukua takriban majuma manne hadi sita kabla hawajatosha. Samaki wengi wakiingizwa siku ya kwanza, hukuta maji maangavu yasiyo na mlinzi.

Machujio yaliyopo

Chujio la sponji ndilo rahisi kuliko yote. Pampu ndogo ya hewa, inayokaa nje ya tangi, husukuma hewa kupitia mrija hadi ndani ya bomba lililosimama juu ya sponji. Mapovu yakipanda huyainua maji, na maji mengine huvutwa kupitia matundu ya sponji, ambamo bakteria wameweka makazi. Mapovu hayo pia huongeza oksijeni majini.

Chujio la kuning'inia huwekwa ukingoni mwa tangi na huvuta maji kwa mota. Huondoa chembechembe vizuri zaidi na huweza kutiwa mkaa maalumu wa kufyonza rangi na harufu. Hata hivyo, mkondo wake huweza kuwachosha samaki wadogo, na mdomo wake huweza kuwameza vifaranga usipofunikwa kwa sponji.

Chujio la chini ya changarawe hutumia sakafu nzima ya tangi kama makazi ya bakteria, lakini taka hujikusanya chini yake, na kulisafisha kikamilifu hulazimu kulibomoa tangi. Chujio la mkebe, ambalo hukaa nje na kuunganishwa kwa mipira, lina nguvu nyingi, ila kwa lita 50 ni gharama isiyo ya lazima.

Umeme unapokatika

Tofauti ya machujio haya hudhihirika umeme unapokatika kwa saa nyingi, kama ilivyokuwa nyakati za mgawo wa umeme nchini mwaka 2006 na mwaka 2022. Ndani ya mkebe uliofungwa, bakteria humaliza oksijeni na kuanza kufa. Umeme ukirudi, maji yaliyooza husukumwa tangini. Mwenye chujio hilo anapaswa kulifungua na kulisuuza kabla ya kuliwasha. Sponji hukaa wazi katikati ya maji ya tangi, hivyo bakteria wake hustahimili muda mrefu zaidi. Pampu yake hutumia wati chache tu, na zipo zinazotumia betri.

Pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji, au mrija utiwe vali ya kuzuia maji yasirudi. Vinginevyo umeme ukizimika maji huweza kurudi kwa mrija na kuingia katika pampu. Saa hizo samaki wasilishwe, na maji yachotwe na kumiminwa kwa kikombe mara kwa mara ili yapate hewa.

Tope na klorini

Maji ya masika yaachwe katika ndoo hadi udongo utulie, kisha yachotwe ya juu. Kuyaacha wazi kwa saa 24 huiruhusu klorini ya kawaida kutoka. Zipo pia dawa za kuiondoa papo hapo. Shabu, inayotumiwa majumbani kutuliza tope, itumiwe kwa hadhari, kwa sababu huongeza uchachu wa maji.

Kosa linaloua samaki wengi ni kuosha sponji kwa maji ya bomba hadi ing'ae. Klorini huwaua bakteria, na tangi hurudi katika hali ya siku ya kwanza. Sponji hukamuliwa taratibu katika ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini.

Samaki ndiye mwamuzi

Mkoa wa Morogoro wenyewe una mfano mzuri. Nothobranchius steinforti, samaki mdogo mwenye rangi za kuvutia, aliingizwa katika orodha ya sayansi mwaka 1977 kutoka eneo la Kimamba, wilayani Kilosa. Huishi katika vidimbwi vya msimu. Kidimbwi kikikauka wazazi hufa, na mayai husubiri mvua ndani ya udongo. Samaki aliyezoea maji yaliyotulia hanufaiki na mkondo mkali. Kwake, sponji inatosha.

Samaki wa dhahabu ni kinyume chake: hukua sana na huchafua maji mno. Tangi la lita 50 halimfai, hata likifungwa chujio la bei gani.

Kwa familia inayoanza, basi, utaratibu wa busara ni kuchagua samaki wachache wadogo, kufunga sponji inayolingana na tangi, kupima amonia na nitriti kwa vipimo vya matone, na kuongeza samaki baada ya vipimo hivyo kuonyesha sifuri. Fedha inayobaki kwa kutonunua chujio kubwa hutosha kununua vipimo hivyo, ambavyo huonyesha kile ambacho maji maangavu huficha.