Chumvi kisimani, presha mwilini

Msomaji, ozoni na joto la dunia ni mambo mawili. Tabaka la ozoni, linalozuia miale ya jua iletayo mtoto wa jicho, liliharibiwa na gesi za majokofu. Kutokana na Itifaki ya Montreal ya 1987, sasa linapona polepole. Joto hutokana hasa na hewa ya ukaa, nalo huinua bahari.

Kisiwani Manda, Lamu, maji matamu ni shida ya kale: mji wa Takwa ulihamwa karne ya 17, na visima kuingia chumvi hutajwa kuwa sababu mojawapo. Bahari ikipanda, chumvi hupenya zaidi ardhini. Anywaye maji hayo kila siku huweza kupandwa na shinikizo la damu asijue. Mjamzito achunge zaidi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi ndiyo kwanza hukolea. Kinga maji ya mvua, kapime presha.