Jina la faili nalo ni bidhaa katika steshenari za Ushetu

Pamba na tumbaku zina misimu yake, lakini kuchapa CV Ushetu na Kahama ni kazi ya mwaka mzima. Tangazo la kazi likitoka Bulyanhulu au Geita, mwenye kompyuta, printa na skana hupata hesabu ya siku bila kwenda mnadani. Mgodi wa Buzwagi ulikoma kuzalisha mwaka 2021, lakini biashara hii haikufa nao: wapo makandarasi wa migodi, na upo mfumo wa Ajira Portal wa Serikali.

Kwa anayefikiria kuweka mtaji hapa, safu hii ina neno kuhusu jambo dogo lisilogharimu hata senti, nalo ni jina la faili.

Programu ya Word, faili linapohifadhiwa mara ya kwanza, hupendekeza jina kutokana na mstari wa kwanza wa maandishi. Katika CV nyingi mstari huo ni "CURRICULUM VITAE". Mchapaji mwenye foleni hubonyeza tu. La mteja anayefuata linaitwa "CURRICULUM VITAE 2", au linafuta la kwanza kabisa. Vyeti vilivyopitishwa kwenye skana navyo vinaitwa "Scan0001". Ikifika saa kumi jioni mchapaji anaambatanisha kwa kukisia, na kijana wa Ulowa anaomba udereva kwa CV ya muuguzi wa Bulungwa. Ajira Portal nayo haiokoi, maana ina nafasi ya kila hati lakini faili la kupakia huchaguliwa na mkono uleule. Kijana asipoitwa kwenye usaili atasema kazi zinatolewa kwa kujuana.

Jina moja pekee halitoshi, hasa huku kwetu. Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, anayewafuata ni Shija. Afisa aajiriye akipokea "Kulwa CV" tano, atafungua ipi? Yaandikwe majina matatu kama yalivyo kwenye cheti na kitambulisho cha NIDA, kisha kazi inayoombwa, kisha aina ya hati: Kulwa_Masanja_Shija_Dereva_CV. Barua na vyeti vifuate mtindo huohuo. Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, hivyo anayetaka tarehe asiandike 12/5. Maneno "mpya", "mwisho" na "mwisho kabisa" yabaki dukani. Ila tangazo likieleza lenyewe namna ya kuita faili, au likitaka namba ya kumbukumbu, hilo ndilo la kufuata.

Wachapaji wanaotumia CV ya mteja wa zamani kama kiolezo wawe macho zaidi. Jina la yule wa kwanza linaweza kubaki ndani ya faili na kujitokeza juu ya dirisha PDF inapofunguliwa. Kuifungua kabla ya kutuma ni kazi ya nusu dakika.

Faida ya duka iko wapi? Mteja anayeondoka na faili zenye majina yanayosomeka, kwenye flashi au WhatsApp, hurudi kubadilisha mistari miwili tangazo jingine likitoka. Wapo pia wazabuni wadogo wanaopakia hati zao kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa Serikali ulioanza mwaka 2023 badala ya TANePS. Hao ni wateja wenye fedha zaidi, na makosa yao ni yaleyale.

Wanaoacha vyeti vya watu wazi kwenye kompyuta ya duka wajue pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kila mteja afunguliwe folda yake, na ifutwe siku akisema ifutwe.