Kanga za Mama na Shweshwe ya Durban

Mwezi wa Februari binti yangu mkubwa aliondoka hapa Durban kwenda kuanza chuo Cape Town. Sisi wa Durban baridi hatuijui. Hata Julai mtu unalala na shuka na blanketi moja jepesi. Cape Town ni mambo mengine: mvua yao hunyesha wakati wa kipupwe, na upepo huingia mpaka kwenye mifupa. Nikamwambia nitamshonea mfarishi wa viraka, ule ambao wenyeji wa hapa huuita kwilti, umfikie kabla ya Juni.

"Sawa mama," akasema, "lakini rangi zisipige kelele."

Siku zile nilikuwa nimepokea begi kutoka Tanga. Mama yetu alifariki mwaka juzi, na dada yangu alikuwa amegawa kanga zake. Fungu langu lilikuwa doti tano. Nilipofungua zipu chumba kizima kilinukia udi, nikaifunga tena haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Nilimpigia dada kumweleza nia yangu. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kanga za mama utie mkasi? Mdogo wangu, nimekupa uzivae, sikukupa matambara."

Maneno yale yalinikaa. Kilichonipa moyo ni habari za kanga yenyewe. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua leso ndogo za mkononi zikiwa bado kwenye jora, hazijakatwa. Walikata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunga, wakapata nguo moja ya leso sita. Jina leso lenyewe ni la Kireno, na Mombasa mpaka leo hawasemi kanga, wanasema leso. Wenye maduka walipoona mtindo umeshika ndipo wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Kumbe kanga ilizaliwa kwa mkasi na sindano! Nikampigia tena dada kumwambia.

"Haya, historia umeisoma," akajibu, "ila usizikate zote."

Kushona mfarishi nilifundishwa na bibi mmoja wa Bayview, kule Chatsworth. Yeye ni wa jamii ambayo Durban nzima inawaita Wazanzibari, ingawa wazee wao wengi walikuwa Wamakua wa Msumbiji. Walitolewa kwenye majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na manowari za Waingereza, wakaanza kuletwa hapa mwaka 1873. Waliishi Kings Rest, upande wa Bluff, hadi serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku ya kwanza aliponiambia "mimi Mzanzibari" nilimwamkia shikamoo, nikaendelea kwa Kiswahili mfululizo. Aliniacha nimalize, kisha akacheka: Kiswahili hajui.

Anachojua ni kitambaa. Kanuni yake kubwa ni kwamba rangi si jambo la kwanza. La kwanza ni giza na mwanga. Panga vipande sakafuni, rudi nyuma hatua tano, finya macho. Vile vinavyobaki vimeng'aa ni mwanga, vinavyozama ni giza, na kama vyote vimekuwa ukungu mmoja, mfarishi wako utakuwa hauna sura hata ukitumia rangi kumi. Mimi nilipiga picha kwa simu nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Bibi aliitazama akasema ni uvivu, lakini jibu ni lilelile.

Kanga kwa hili ni mtihani. Ina rangi chache zilizokolea, pindo zito, na mji wenye michoro mikubwa iliyokusudiwa kuonekana mtaa wa pili. Ukiikata ovyo, korosho inageuka mkia wa kitu kisichojulikana. Nilikata dirisha la sentimita 15 kwenye boksi la viatu, nikawa nalisogeza juu ya kanga mpaka niipate korosho nzima, au kona ya pindo inayosema kitu, ndipo nachora kwa chaki. Kanga moja ingeweza kutoa vipande zaidi ya hamsini. Mimi nilichukua kumi na viwili tu kila moja, vile vizuri.

Kwa upande wa giza nilikwenda mjini, kwenye maduka ya vitambaa ya mtaa ambao watu bado wanauita Grey Street ingawa kibao kinasema Dr Yusuf Dadoo, karibu na Juma Masjid. Nilitafuta shweshwe. Inasemekana jina hilo limetokana na Moshoeshoe wa Kwanza, mfalme wa Wasotho. Hapa Afrika Kusini imechapwa tangu 1982 katika kiwanda cha Da Gama, Zwelitsha, Eastern Cape. Nguo nzima hutiwa nili kwanza, kisha dawa hula rangi pale yanapotakiwa maua, ndiyo maana weupe wake ni wa vidoa vidogo vidogo. Upana ni sentimita 90 tu, na ikiwa mpya imekauka kwa wanga kama karatasi. Wateja wa zamani waliilamba upande wa nyuma kuonja chumvi, ndipo waamini si ya kuiga.

Nilipoishika ile ya buluu nilimkumbuka nyanya yangu na kaniki yake ya shambani. Ni nili ileile. Nikachukua mita moja ya buluu na moja ya kahawia. Ukikata miraba ya sentimita 16, yaani 15 ya kuonekana na nusu ya mshono kila upande, mita moja inatoa vipande 30.

Kwa mwanga na mapumziko ya macho sikutafuta mbali. Marekani, ile isiyopaushwa, rangi ya maziwa yaliyochemka. Muuzaji alitaka kunipa nyeupe pe. Nilikataa. Kando ya kanga iliyofuliwa miaka kumi, nyeupe ya dukani inaifanya kanga ionekane chafu, na kanga ya mama yangu haikuwa chafu.

Sasa kufua. Kila kitambaa cha mfarishi lazima kifuliwe kabla ya kukatwa: shweshwe inatoa wanga na kurudi, kanga nayo inaweza kutoa rangi. Kila mshonaji anajua. Mimi begi nililiacha chini ya kitanda wiki tatu. Nilikuwa najiambia sina nafasi, kumbe nilikuwa naogopa kuutoa ule udi kwa mkono wangu na sabuni. Mwishowe nilichambua. Kanga moja ya korosho nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki bila kuifua, bado iko hivyo. Pacha wake na wenzake wakaingia kwenye beseni.

Doti nyekundu ilinishinda. Nilisugua kitambaa cheupe chenye maji juu yake, kikawa waridi. Mama alitufundisha kuroweka kwa chumvi. Nikaroweka, nikarudia, mara ya tatu bado waridi. Nikaiweka kando, na sikusikitika sana, maana jina lake lilikuwa "Hasidi hana sababu". Mama alikuwa na jirani yake. Si maneno ya kumfunika nayo mtoto.

Juu kulikuwa na vipande 117, safu 9 kwa 13: shweshwe 45, kanga 36, marekani 36. Ndani niliweka pamba ya kutandaza, ile inayouzwa kwa mita. Kwa mgongo nilichukua doti ya tano, ambayo mama hakuwahi hata kuitenganisha. Njano na zambarau, jina "Nani kama mama". Niliikata katikati na kuviunga vipande upande mrefu, ikatosha mfarishi mzima na kubaki, na majina yote mawili sikuyagusa. Rangi zile nisingethubutu kuziweka juu. Binti alisema zisipige kelele, nami nikampangia juu utulivu wote: nili, kahawia, marekani, na kanga ikichungulia hapa na pale.

Mfarishi ulifika Cape Town mwishoni mwa Mei. Siku mbili baadaye akanitumia picha ya kitanda chake. Ameutandika kinyume. Nili na kahawia yangu imelala chini, na chumba kizima kimejaa njano na zambarau, jina limesomeka pembeni mwa mto.

"Mzuri sana mama," ameandika. "Huku nyuma umeweka nini?"

Sijamjibu bado. Dada naye ameiona picha. Anauliza mita ya ile ya buluu ni bei gani.