Mzambarau, Jamaa wa Mkarafuu, na Maradhi ya Sukari



Wenzetu wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, wanayo miti ya dawa kama sisi: mlonge, mwarobaini, mzambarau. Mzambarau ni wa ukoo mmoja na mkarafuu wetu. Kokwa zake hukaushwa, zikasagwa, na unga hunywewa na wenye maradhi ya sukari.

Hatuidharau miti shamba. Asili ya kidonge cha metformini, kitumiwacho leo hospitalini, ni uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao galega. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza habari za dawa hiyo mwaka 1957. Lakini galega yenyewe ina sumu. Faida ilipatikana kwa kutengeneza dawa nyingine iliyo salama zaidi, na kupima kiasi chake.

Kijiko cha unga hakina kipimo hicho. Ukichanganywa na dawa za hospitali, sukari yaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kizunguzungu. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu akishikwa na hali hiyo, ataanguka. Ateremshwe mapema, apewe maji ya sukari iwapo aweza kumeza, kisha apelekwe hospitali.

Aliyeandikiwa sindano za insulini asiziache kwa ajili ya unga wowote. Kuziacha kwaweza kumwua.

Basi, anywaye miti shamba amwambie daktari wazi, wala asione haya. Tena apimwe damu mara kwa mara, hasa kabla ya msimu wa kuchuma.