Janmashtami: Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Krishna

Wakristo wana Noeli, Waislamu wana Maulidi. Wahindu nao wana Janmashtami, usiku wa kukumbuka kuzaliwa kwa Krishna, ambaye wengi wao humwamini kuwa ni mungu Vishnu aliyeshuka duniani kwa umbo la mwanadamu. Inafaa kukumbuka kwamba Mhindi ni mtu wa nchi ya India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini inayozungumzwa hapa.

1. Jina na wakati wake

Jina hili limeundwa kwa maneno mawili ya Kisanskriti: janma, yaani kuzaliwa, na ashtami, yaani siku ya nane. Siku hiyo huhesabiwa katika nusu ya giza ya mwezi, ile inayofuata mwezi mpevu. Magharibi na kusini mwa India mwezi wenyewe huitwa Shravana. Kaskazini huitwa Bhadrapada, kwa kuwa huko hesabu ya mwezi huanza baada ya mwezi mpevu. Majina ni mawili, usiku ni mmoja, nao huangukia Agosti au Septemba. Nusu hiyo ya giza huitwa krishna paksha, na neno krishna maana yake ni -eusi.

2. Kisa chenyewe

Kisa husimuliwa hasa katika kitabu cha kumi cha Bhagavata Purana. Kamsa, mtawala jeuri wa Mathura, alisikia sauti kutoka mbinguni ikisema kwamba mtoto wa nane wa dada yake Devaki ndiye atakayemwua. Akamfunga Devaki pamoja na mumewe Vasudeva, akawaua watoto wao sita wa kwanza. Wa saba, Balarama, alihamishiwa tumboni mwa Rohini, mke mwingine wa Vasudeva. Krishna, wa nane, alizaliwa gerezani usiku wa manane. Minyororo ikafunguka, walinzi wakashikwa na usingizi, baba akambeba mtoto mvuani. Nyoka Shesha akamkinga kwa vichwa vyake, na mto Yamuna ukampisha. Huko Gokula, Vasudeva akamlaza mwanawe kando ya Yashoda, mke wa mfugaji Nanda, akarudi na binti mchanga wa nyumba hiyo. Kamsa alipotaka kumpiga binti huyo jiweni, alimponyoka akapaa angani. Alikuwa mungu wa kike, naye akamwambia kwamba mwuaji wake amekwisha kuzaliwa.

3. Desturi za usiku huo

Waumini wengi hufunga mchana kutwa hadi usiku wa manane. Saa hiyo ikifika, kengele hupigwa na makombe ya baharini hupulizwa. Sanamu ndogo ya mtoto Krishna huogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, huvikwa nguo mpya, kisha hulazwa katika susu, nao waumini huibembeza kwa zamu wakiimba. Baadaye hufuturu. Katika jimbo la Tamil Nadu, akina mama huchora kwa unga wa mchele nyayo ndogo kutoka mlangoni hadi mahali pa sala, kana kwamba mtoto ameingia nyumbani kwa miguu yake. Mathura na Dwarka, mji wa pwani ya Gujarat, hupokea mahujaji wengi. Sikukuu hii huadhimishwa pia Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, kwenye jamii za Wahindu ambao wengi wao asili yao ni Gujarat.

4. Maana yake

Kwa kawaida mwanadamu humwendea mungu wake kuomba ulinzi. Usiku wa Janmashtami uhusiano huo hupinduliwa: mungu ni mchanga, na mwanadamu ndiye anayemwogesha, kumlisha na kumbembeleza. Kisanskriti kina neno mahususi la hisia hii, vatsalya, yaani upendo wa mzazi kwa mwana. Neno hilo limetokana na vatsa, ndama, kwa kuwa mfano wake ni ng'ombe anayemlamba mtoto wake. Anayebembeza susu huchukua nafasi ya Yashoda.

Desturi moja huliweka fundisho hilo mashakani. Siku inayofuata, mjini Mumbai na kwingineko Maharashtra, hufanyika dahi handi, yaani chungu cha mtindi. Vijana hupanda mabegani mwa wenzao, mnara juu ya mnara, ili wakivunje chungu kilichotundikwa juu, kama Krishna mdogo alivyoiba siagi ya majirani. Wa kileleni huwa mwepesi kuliko wote, na mara nyingi amekuwa mtoto. Wako walioanguka wakavunjika, na wengine wakafa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Bombay ilikataza walio chini ya miaka 18 wasipande, ikaweka kikomo cha futi 20, yaani mita 6 hivi. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliondoa kikomo cha urefu, baada ya serikali ya jimbo kuahidi kwamba walio chini ya miaka 14 hawatashiriki.

Hoja ya mahakamani haiko mbali na kiini cha sikukuu. Kisa cha Krishna huanza na watoto sita ambao hakuna aliyeweza kuwaokoa, na hugeuka pale baba anapomvusha yule wa nane mtoni. Kumlinda mtoto anayepanda kwenda chunguni ni sehemu ya ibada hiyohiyo ya susu.